Barua ya Madirisha

Nakumbuka siku moja, mwanangu, bado nina meno yote na akili nusu. Nilikuwa Springfield, Virginia, miaka ya tisini inaishia, namtunza Bibi Ruta, Mkrii, mmoja wa wenyeji wa asili wa Kanada. Wakrii wana maandishi yao: pembetatu, ndoano. Alama ikisimama ni pi, ukiilaza ni pa. Ni ile ba-be-bi-bo-bu yenu ya darasa la kwanza, ila yao inapiga sarakasi.

Bibi alikuwa na dada yake huko kaskazini, kiziwi, simu haimfai, na Kiingereza hasomi. Walinuniana miaka, sasa dada anaumwa, na Bibi anataka radhi kabla kaburi halijawatenganisha. Lakini mikono inatetemeka, kalamu haishikiki. Mpwa wake Danieli, fundi kompyuta, ndiyo ilikuwa kazi yake na wenzake: kuipa kila herufi ya Kikrii namba yake, kompyuta zote duniani ziitambue. Akaitaipu barua ya Bibi. Printa ya nyumbani ikagoma. Akanipa disketi, na anaongeaga kama pua imebanwa na kibanio cha nguo:

"Anti, kaiprinti dukani. Angalia herufi zifanane na hii karatasi ya mfano, ndiyo uiposti. Utaweza, eeh?"

Mimi! Shule niliijua kwa nje, nikipita na maziwa. Sasa niseme siwezi mbele ya msomi? Nikabinua mdomo: "Ofu kozi, Danieli."

Dukani ikatoka karatasi ya visanduku vitupu, mstari kwa mstari, kama vigae vya bafuni. Ule mfano hata sikuukunjua. Nikajisemea, ya wasomi hayo. Nikavaa uso wa mwalimu mkuu, nikatikisa kichwa kama anayeelewa, nikaposti.

Wiki tatu, jibu likaja, mwandiko wa dada. Bibi akasoma, akanitazama. Sauti yake ilikuwa ya mlango usiotiwa mafuta: "Dada anasema nimemtumia madirisha mia. Nyumba yenyewe iko wapi? Anauliza kama ndiyo nimezidi kununa."

Nilitamani zulia linimeze.

"Uliyaona?"

"Niliyaona, Bibi. Ila mimi sijui kusoma."

"Kusoma nini? Danieli mwenyewe Kikrii anababaisha! Macho huna? Nani anaongea neno moja karatasi nzima? Hata mbuzi anabadilisha mlio!"

Danieli akaeleza kwa pua yake: kompyuta ya dukani hizo herufi haikuwa nazo. Ikikutana na isiyoijua, inaweka kisanduku. Yaani, hii siijui.

Umesikia, mwanangu? Bati lile lilikiri mara mia, hadharani! Mimi mwenye ulimi nikatikisa kichwa.

Printa ikatengenezwa. Safari hii nililinganisha kwa kidole, pembetatu kwa pembetatu, mpaka Danieli akasinzia. Dada akaisoma, akalia, akapona, akaja mwenyewe kiangazi. Mlangoni tu akaninyooshea kidole: "Mama Madirisha!" Jina likaganda mpaka leo.

Kwa hiyo nakwambia, kutojua si aibu. Aibu ni kutikisa kichwa. Kuuliza si ujinga, na anayejifanya anajua humponza na mwenzake. Nawe nikikusemesha Kiswahili unanijibu "yea, yea". Nakuona, kisanduku wewe!

Haya, njoo nikushike kichwa. Mungu akupe mdomo mwepesi wa kusema "sijui", na akujalie wa kukufundisha bila kukucheka. Ila kidogo tu acheke.