Upande Mzuri wa Kodo

Watu walimwita Kodo kwa sababu ya macho. Yalikuwa makubwa, yameachana, na akikutazama hapepesi. Kabla ya filamu alikuwa dereva wa lori la kubebea taa na nyaya za kupigia picha. Siku moja mwigizaji wa muuaji akaharisha, mwongozaji akageuka, akamwona dereva anatafuna mkate kwenye ngazi ya lori. "Wewe," akasema. "Usitabasamu." Kodo hakutabasamu tena kazini.

Nyota hakuwahi kuwa. Aliua, akauawa, akamfungulia mkubwa wake mlango wa gari, akafa kabla filamu haijafika katikati. Mimi nilikuwa wakala wake, yaani niliuza ile sura na kula sehemu yangu. Dukani walimhudumia upesi ili aondoke. Nyumbani aliogopa mende. Mkewe ndiye aliyewapiga kandambili, huku akimcheka: "Jambazi gani wewe? Shuka kitandani, ameshakufa."

Halafu akaanza mtindo mpya. Akiitwa hatupi jicho, anageuza kichwa kizima, taratibu, mpaka uso umekuelekea wote. Watazamaji walijikunyata vitini. Waongozaji wakawa wanamwomba, "Kile kichwa, Kodo, tupe kile kichwa." Nikapandisha bei.

Aliyenifumbua macho ni mkewe. Nilipeleka mkataba mpya kwao, akanivuta jikoni, akafungulia bomba la maji ili mumewe asisikie.

"Shemeji, huyo haoni pembeni. Jicho la kulia limekwenda kabisa. La kushoto anachungulia kama kwenye tundu la ufunguo, na daktari amesema nalo linaziba."

"Tangu lini?"

"Tangu mlipoanza kumsifia kichwa. Na nasikia safari hii mmempa gari?"

Tulikuwa tumempa gari. Muuaji anakuja kasi kwenye uchochoro, binti anamrukia mbele, anafunga breki, wanatazamana. Mwongozaji alitaka uso wa Kodo mwenyewe nyuma ya kioo, bila kukatiza, bila dereva wa kumwakilisha.

Nilimkabili sebuleni. Hakukana.

"Ukisema nimekwisha, kaka. Nani atamwajiri kipofu atishe watu? Gari nalijua. Nimeendesha tangu sijaota ndevu."

"Na mtoto wa watu je?"

Alijifuta viganja kwenye suruali, akajifuta tena.

Nikaenda kwa mwongozaji. Nikamwambia mtu wangu ana upande wake mzuri: binti atokee kushoto, tena iandikwe, la sivyo atafute sura nyingine. Akacheka mpaka akakohoa. "Siku hizi hata wauaji wana maringo!" Ikaandikwa.

Siku ya kazi tulikuwa nyuma ya ghala, maboksi yamepangwa pande zote mbili. Wakafanya mazoezi kwa miguu, kisha kwa mwendo wa kobe. Kodo aliuliza na kurudia kuuliza binti anatokea wapi, hadi yule binti akamshika bega.

"Baba, nakuja palepale, kushoto, kwenye boksi la bluu. Usinigonge tu, dada yangu anaolewa Jumamosi na nguo nimeshashona."

Watu wakacheka. Kodo hakucheka. Akaingia garini, akapandisha vioo, akarudi nyuma hadi mwisho wa uchochoro. Mimi nikajibanza kushoto, nyuma ya lile boksi la bluu. Sikuweza kukaa mbali.

Jua nalo halingoji mtu. Kivuli cha ghala kikashuka upande wetu, na mwongozaji, macho kwenye kamera, akapunga mkono: "Huku kumekuwa giza. Hamia kulia, mama, haraka." Binti akavuka mbio, viatu mkononi.

"Dereva ameambiwa?" mpiga picha akauliza.

"Si atamwona? Atakuwa mbele yake!" Na bendera ya kumwashiria Kodo aanze ilikuwa imeshashushwa.

Nilipiga kelele. Injini ilinizidi. Gari lilikuja, na nyuma ya kioo uso wa Kodo ulikuwa umeinamia kushoto kidogo, unalisubiri boksi langu. Binti akachomoka kulia, akasimama katikati, mikono juu kama alivyofundishwa. Gari halikupunguza. Nikaona mikono ya binti inashuka yenyewe, na miguu imegoma kuondoka.

Kitu pekee ambacho Kodo alikuwa anakiona duniani ni lile boksi. Nikalisukuma kwa bega, likabiringika barabarani.

Matairi yalilia. Gari likaserereka, likasimama.

"Kata!" mwongozaji akaruka. "Mmeuona ule uso? Nani kasukuma boksi? Tunarudia, bila boksi!"

Kodo akafungua mlango, akashuka, akalitazama boksi.

"Limeanguka," akasema. "Binti yuko wapi? Mbona hajatokea?"

Binti alikuwa ameketi chini mbele ya bampa, mdomo wazi, hana sauti. Kodo akasikia anavyohema. Kichwa kikaanza kugeuka, taratibu, kutoka kushoto kwenda kulia, mpaka kikamkuta. Nilimwona kila mtu pale akielewa, mmoja baada ya mwingine. Mpiga picha akavua kofia.

"Tunarudia," mwongozaji akasema, ila sasa kwa sauti ndogo. "Tuna mkataba."

"Mkataba unasema kushoto," nikamjibu. "Umeuvunja wewe. Harudii leo, na gari haendeshi tena."

Wakamnyanyua binti, wakampeleka kivulini. Kodo alibaki amesimama, ufunguo mkononi, hajui ampe nani. Nikauchukua.

"Alikuwa karibu kiasi gani?" akaniuliza.

"Achana nayo."

"Nionyeshe."

Nikamshika mkono, nikauweka kwenye bampa, likiwa bado la moto. Akasubiri niusogeze mbele, hadi pale miguu ya binti ilipokuwa. Sikuusogeza; hapakuwa na nafasi.

Akakaa chini, palepale alipokuwa amekaa binti.