Maji ya Moto ya Alasiri

Mhandisi alipochezesha vidole chini ya bomba letu, akacheka, akaniambia, "Moto huu, bibie! Sasa kwa nini msioge jioni?", niliinua ndoo iliyokuwa mlangoni mwa choo nikaimwaga yote juu ya viatu vyake.

Ilikuwa alasiri. Maji ya ndoo ile niliyakinga alfajiri kutoka bomba hilo hilo, baridi, nikayaweka ili ayatie mkono mwenyewe. Alishayatia, na alishanijibu, tena kwa haki, kwamba maji yoyote yakikaa ndooni toka alfajiri yatapoa tu. Hilo nalijua. Sikuyamwaga kama ushahidi. Niliyamwaga kwa sababu nilikuwa mzazi ndani ya arubaini, sijalala, maziwa yananivuja kifuani, binti yangu mkubwa amekaa nyuma yangu na mguu uliopakwa dawa ya kuungua, na mwanamme huyu ananifundisha saa ya kuoga.

"Subhanallah!" Mavyaa wangu, mama wa mume wangu, alipiga kelele kutoka chumbani. "Mzazi hagombi! Maziwa yataingia uchungu!"

"Yashaingia," nikamjibu.

Mhandisi alikusanya mkoba wake akashuka. Viatu vililia ngazi nzima, na sisi tulivisikiliza mpaka mlango wa nje ukafungwa.

Ngazi hizo ndizo zilizotuletea yote haya. Nyumba yetu ya Mji Mkongwe ni nyembamba na imepanda juu. Jiko liko chini uani, tunalala juu, choo cha kuogea kiko juu. Ngazi ni za mbao na zimesimama kiasi cha kwamba mgeni hushuka kinyumenyume akishika ukuta. Nilipomzaa binti yangu, kila alfajiri mavyaa alipanda nazo akiwa na sufuria la maji yanayochemka, kanga mbili mikononi asiungue, na anapiga kelele, "Moto! Moto! Piteni pembeni!" utadhani kuna soko juu.

Maji hayo yalikuwa ya kunikanda. Kwetu mwanamke akizaa hukandwa: kitambaa kinachovywa kwenye maji ya moto, kinakamuliwa, kinabanwa tumboni, mgongoni, kwenye nyonga, mpaka mwili urudi mahali pake. Hukandwa asubuhi kabla wanawake hawajaanza kuja kumtazama mtoto, na maji lazima yawe ya moto kweli. "Vuguvugu ni ya kuoshea vyombo," mavyaa husema. Anakanda kwa mikono ya mtu anayekanda unga. Unalia, halafu unalala usingizi ambao hujaupata tangu mimba ya miezi mitano.

Nilipopata mimba ya pili, magoti ya mavyaa yalishachoka. Nikamwambia mume wangu, sitaki kumuona mama yako na sufuria kwenye ngazi zile, na sasa tuna mtoto anayekimbia. Yeye anafanya kazi hotelini Kendwa, anarudi siku za mapumziko. Akasema kule vyumba vyote vina hita za jua, hazili umeme, wageni wanarudi ufukweni jioni na mchanga miilini, wanafungua bomba, moto. "Hakuna hata mmoja aliyelalamika," alisema. Nikafurahi kama mjinga. Hatukufikiri, mimi wala yeye, kwamba mgeni anaoga jioni na mzazi anakandwa alfajiri.

Kampuni ikamtuma mhandisi, kijana msafi, maneno yake laini. Alitukalisha akatuonyesha mchoro. Paneli nyeusi inakaa chini, tangi linakaa juu yake. Jua linapasha maji ndani ya paneli, maji ya moto yanapanda yenyewe kuingia tangini, ya baridi yanashuka kuchukua nafasi. Hakuna pampu, hakuna umeme. Tangi limevikwa koti nene, kwa hiyo maji yanalala na moto wake mpaka asubuhi. "Mtasahau kama kuna jiko," alisema. Mavyaa alimjibu, "Mwanangu, jiko hatulisahau, tutakupikia na wewe." Wakacheka.

Siku ya kufunga mtambo, mchoro ulikutana na Mji Mkongwe. Hapa huwezi kuweka chochote paani kikachungulia juu ya ukuta, watu wa hifadhi ya mji watakujia. Paneli ilijificha vizuri nyuma ya ukuta mfupi wa paa. Tangi, likikaa juu ya paneli, lilionekana mpaka msikitini. Basi wakalishusha. Wakalilaza ubavuni mwa paneli, bega kwa bega, wakaunga mabomba, wakapiga picha. Mhandisi alikuwa na furaha kweli kweli. "Hata kunguru hatojua kama mna hita," aliniambia.

Na hita ikafanya kazi! Nilikuwa na tumbo kubwa, naoga alasiri baada ya kupika, maji yananichoma mabega. Nilimsifia mume wangu kwa simu.

Kisha nikazaa. Alfajiri ya kwanza mavyaa alifungua bomba, akasubiri, akasubiri tena. Alikuja na beseni mlangoni.

"Mke wa mwanangu, hili dude lako limelala."

Tulidhani ni mawingu. Siku ya pili jua lilikuwa limewaka tangu asubuhi mpaka magharibi, na alfajiri maji yalitoka yale yale, yamekufa. Ndani ya tangi mna fimbo ya umeme ya akiba, ukibonyeza swichi inapasha. Tukabonyeza. Inapasha tangi zima, si beseni moja, na ilichukua muda mrefu mpaka wageni wakaanza kupiga hodi na mimi sijakandwa. Tulinunua kitu cha kuokoa umeme, sasa kinakula umeme kuliko friji. Nikaizima. Mavyaa akashuka jikoni, na sufuria likarudi ngazini.

Nilipiga simu kwenye kampuni. Mhandisi akaja, alasiri. Akafungua bomba, moto. "Mbona inachemka, bibie?" Nikamwambia aje alfajiri. "Ofisi hufunguliwa saa mbili," alisema. Nikamwambia basi lala hapa, tutakutandikia. Akacheka akidhani ni mzaha. Akakaza nati moja, akaondoka. Nikapiga tena. Alikuja tena, tena alasiri.

Kati ya ujio huo na ule wa viatu ndipo jambo lilipotokea. Mavyaa alikuwa anapanda na sufuria. Binti yangu, ana miaka mitatu, aliamka akatoka chumbani kumfuata bibi yake, akasimama kichwani mwa ngazi. Mavyaa alimuona amefika karibu, akashtuka, akasimama ghafla. Sufuria halikuanguka. Liliinama tu, na yaliyoruka yakamfika mtoto mguuni. Mimi nilikuwa kitandani na mtoto mchanga kifuani. Nilisikia kilio, nikajua ni cha nini kabla sijainuka.

Ni mguu mmoja, na malengelenge yamepona. Daktari alisema tuna bahati. Mavyaa alikaa kwenye ngazi mpaka jua likapanda, hataki kupanda wala kushuka. Sufuria lingeinama zaidi kidogo, maji yangemmwagikia usoni. Tangu siku ile sikumruhusu kubeba maji ya moto, na tangu siku ile sikukandwa asubuhi. Mgongo wangu ulijifunga kama mlango uliovimba masika. Nilikuwa nikiinuka kitandani kwa kushika ukuta, kama wale wageni wa ngazini.

Kwa hiyo ukiniuliza kwa nini nilimwaga ndoo, ni kwa ajili ya mguu ule. Nilimweleza mhandisi habari ya mtoto. Akasema pole, akatia vidole vyake bombani.

Mume wangu alinipigia, ameshapata malalamiko ya viatu.

"Umemmwagia maji mtu wa watu?"

"Ya baridi. Ashukuru."

"Subiri nirudi, nitazungumza naye kiume."

"Zungumza naye alfajiri, basi. Wewe hutomuona alfajiri, na mimi sikuoni wewe."

Sikumuonea huruma, nilikuwa sina ya kugawa.

Siku iliyofuata, mavyaa aliposali alfajiri akamchukua mtoto mchanga, nilipanda paani kuanika nepi. Nilichoka hata kukasirika. Nikaegemea mtambo ule kupumzisha mgongo, mkono wangu ukaangukia bomba la juu kati ya mawili yanayounganisha tangi na paneli. Lilikuwa na uvuguvugu. Jua halijatoka, nje kuna umande, paneli yenyewe baridi kama sakafu, na bomba lile lina joto! Nikashika la chini, linalorudi tangini. Baridi.

Nilisoma mpaka kidato cha nne na fizikia sikuipenda. Lakini mtu alishanichorea mchoro kwenye meza yangu mwenyewe: ya moto yanapanda, ya baridi yanashuka. Mchana jua linapasha paneli, maji yanapanda tangini. Usiku je? Usiku paneli ndiyo inayopoa, na tangi haliko juu yake, limelala ubavuni mwake. Maji ya moto yanatoka tangini kwa bomba la juu, yanaingia kwenye paneli, yanapoa, yanashuka, yanarudi tangini kwa chini. Usiku kucha. Mtambo wetu ulikuwa unafanya kazi vizuri kabisa, ila kinyumenyume. Mchana unachota joto la jua, usiku unalirudisha mbinguni. Nilikaa chini kwenye sakafu ya paa na nepi mbichi mapajani, nikacheka peke yangu, kicheko kibaya.

Nikapiga simu. Msichana wa mapokezi aliniambia mhandisi hataki kurudi nyumbani kwangu.

Arubaini yangu ilikuwa haijaisha. Mzazi hatoki nje kabla ya arubaini, hasa peke yake, hasa kwenda kugombana. Nilimwambia mavyaa kwamba nnakwenda ofisi ya serikali inayopokea malalamiko ya wateja. Nilijiandaa kwa vita. Akaniangalia, akaenda kuchukua mkaja, kitambaa kirefu cha kufunga tumbo la mzazi, akanizungushia akakaza mpaka nikakosa pumzi.

"Mdomo wako hauna mkaja," alisema. "Usitukane. Na urudi kabla mtoto hajaamka kunyonya."

Ofisini kulikuwa na baba wa makamo nyuma ya meza. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza kwa heshima.

"Bibi, mtambo unafanya kazi au haufanyi?"

"Unafanya."

"Sasa unalalamikia nini?"

"Unafanya alasiri."

"Ikifika alasiri maji ni ya moto?"

"Ya moto."

"Basi unafanya kazi, mwanangu."

Nilifungua mdomo, nikahisi mkaja. Nikamuomba karatasi tupu na kalamu, nikakaa kwenye benchi karibu na mlango nikaandika. Alisoma yote, akarudi mwanzo akasoma tena, akapiga muhuri. Nakala ninayo. Imeandikwa hivi:

"Mimi ni mkaazi wa Mji Mkongwe, mama wa watoto wawili. Nalalamikia hita ya maji ya jua tuliyofungiwa nyumbani. Tuliambiwa kwamba maji yatalala na moto mpaka asubuhi. Hayalali. Wakati wa kufunga, kampuni ililishusha tangi lisionekane nje, ikaliweka sawa na paneli, na kwa hiyo usiku maji ya moto yanarudi kwenye paneli na kupoa. Nimeshika mabomba kwa mkono wangu kabla ya jua kutoka. La kutoka tangini lina joto na la kurudi ni baridi. Mwenye shaka aje ashike.

Kwa sababu hiyo tulirudi kupandisha maji ya kuchemka ngazini, na mtoto wangu wa miaka mitatu ameungua mguu. Mhandisi wao alijulishwa kabla na baada. Alishauri tuoge jioni.

Siombi tangi lipandishwe, kwa kuwa sheria ya mji naifahamu. Naomba paneli ndiyo ishushwe. Juu ya jiko letu, uani, pana bati ambalo linapata jua kuanzia asubuhi mpaka alasiri, na liko chini ya tangi, na halionekani kutoka njia yoyote. Kampuni ihamishe paneli pale kwa gharama yake. Kama haiwezi, iondoe mtambo wote. Na kabla ya kuufunga mwengine katika nyumba za mtaa huu, imuulize kwanza mwenye nyumba anatumia maji ya moto saa ngapi."