Bibi Anayeishi Peke Yake na Watoto Kumi na Mmoja

Shughuli nzima imenigharimu shilingi elfu sabini na nne na mia tano. Nimehesabu mara mbili. Humo sijaweka siku ya mnada wa Nachingwea niliyoikosa, wala chumvi, maana chumvi ndiyo pekee waliyochangia wenzangu. Sehemu kubwa ilimezwa na sufuria, ile kubwa ya kupikia msibani. Muuzaji alianzia hamsini, nikamshusha hadi thelathini na nane huku akiapa kwamba namfukuza mjini.

Mimi nauza mitumba ya watoto. Naichukua Nachingwea, naiuza kwetu Ruangwa na machimboni Namungo, ambako mtu akipata dhahabu humkumbuka mwanawe kwa gauni, na asipopata hunikumbuka mimi kwa mkopo. Mwanangu ana miaka mitatu. Hawezi kushinda juani juu ya robota, kwa hiyo anashinda kwa Bibi.

Bibi si bibi yangu. Ni jirani wa nyuma ya nyumba. Alianza kumwangalia mtoto wa mama mmoja anayeuza chakula Namungo, wakaja na wengine, na korosho zilipoanza kuanguka, akina mama wakahamia mashambani tangu alfajiri, uani kwake wakafika kumi na mmoja. Malipo yake ni sabuni, unga kidogo, na maneno matamu. Msimu huu alitutangazia kwamba magoti yamekwisha. Korosho zikiisha, anahamia Marambo kwa binti yake. Akiondoka, biashara yangu imekufa. Nimeipigia hesabu kila upande, imekufa.

Basi mwenyekiti wa kitongoji aliposema serikali inafanya utafiti wa malezi na elimu ya awali, na kwamba penye shida ndipo patakapofikiriwa kituo cha kulelea watoto mchana, tulifurahi. Shida tulikuwa nayo tayari. Ilibaki kuonekana tu.

Aliyekuja ni binti mpole mwenye kishikwambi. Cheo chake mdadisi, kazi ambayo mtaani kwetu watu wanaifanya bure. Kwangu aliuliza kama mtoto hubaki na mtu mzima nikiwa sipo. Nikasema ndiyo, hubaki na Bibi. Akabonyeza: mtoto yuko salama. Tukahamia maswali ya choo. Kwa majirani ikawa hivyo hivyo, kila mtoto yuko salama, kila choo kinahitaji mlango.

Kisha akaenda kwa Bibi, nami nikamfuata, maana mzigo wangu siuachi njiani. Akamuuliza ana watoto wangapi katika kaya yake. Wakati huo mmoja alikuwa mgongoni kwa Bibi, mwingine anavuta kanga, na wa kwangu amekalia begi la mdadisi.

"Kaya ni wale wanaokula chungu kimoja na kulala hapa," binti akafafanua.

Bibi akafikiri. Watoto huja na chakula chao kwenye makopo, na jioni hurudi makwao. "Basi niko mwenyewe," akasema.

Binti akaandika sifuri. Kishikwambi kilipoona sifuri kikaruka kurasa zote za watoto, kikatua kwenye mifugo. Bibi ana kuku watatu. Kuku wakaandikwa.

"Dada, andika hata saba," nikamwambia. "Sikuombi wote."

"Mama, hapa hatupatani bei."

"Watano basi. Na huyo wa kwenye begi lako nakuongezea."

Alicheka, ila hakuandika. Alisema msimamizi wake angerudia nyumba chache wiki inayofuata ili kuhakiki, na kwamba akikuta watoto wanakula na kulala kwa Bibi, hilo lingekuwa jambo jingine. Masikioni mwangu, hapo bei ilikuwa imeshatajwa.

Nikanunua sufuria. Nikanunua mchele, maharage, mafuta na kuni. Akina mama wenzangu walikubali watoto walale kwa Bibi mpaka msimamizi apite, wakaleta mikeka ya kuazima na kutoa ile chumvi. Bibi aliitazama sufuria inavyoingia mlangoni kwa ubavu.

"Mmeniletea kituo au msiba?" akauliza.

Msimamizi alikuja mchana, akakuta chungu kimoja, mikeka imekunjwa ukutani, watoto wanakula. Akaandika kumi na mmoja kwa mkono wake mwenyewe. Nikaona kabisa tofali la kwanza la kituo likiwekwa. Kumbe sasa zile kurasa za watoto zilikuwa zimefunguka. Mama wa mtoto huyu yu hai? Yu hai. Analala katika kaya hii? Halali. Na baba? Naye halali. Yakaulizwa hayo kwa mtoto mmoja mmoja, na kila jibu lilivyotoka msimamizi alizidi kuinama. Mwishoni alimshika Bibi mkono akampa pole. Mimi nilikuwa pembeni na mwiko, mama wa mmoja wa waliotelekezwa, najifanya mpishi.

Haukupita mwezi tukaitwa kwa mtendaji. Afisa ustawi wa jamii alitueleza kwa upole kwamba takwimu za awali zimeonyesha tatizo kwetu, nalo si ukosefu wa kituo. Ni akina mama kutelekeza watoto. Dawa yake ni semina ya malezi, tena siku ya mnada. Tulifundishwa umuhimu wa mzazi kukaa na mwanawe. Tulikuwa tumekaa pale akina mama tisa, kila mmoja na soda yake, na watoto wote tumewaacha kwa Bibi. Mmoja wetu alitaka kulisema hilo, tukamkanyaga mguu. Nauli zilikuwa bado hazijagawiwa.

Juzi binti wa kishikwambi amenipigia simu. Majibu ya Bibi yamegongana, na hayawezi kupelekwa juu, kunakoamuliwa kituo kiende wapi, mpaka libaki moja. Anakuja Jumatano kumuuliza kwa mara ya mwisho. Nilikwenda kumwambia Bibi, nikamkuta ameshafunga furushi la nguo. Alisema Marambo itamsubiri hadi Jumatano, si zaidi.

"Nikisema kweli, sina mtoto hata mmoja," akaniambia. "Nikisema uongo, ninao wote, na ninyi ni watu wabaya. Niseme lipi, mwanangu?"

Nimezoea kukutana na mteja katikati, lakini katikati ya sifuri na kumi na moja kuna watoto watano na nusu, na nusu mtoto hata kishikwambi hakimpokei. Wewe unayesoma, kama uliwahi kuulizwa maswali haya na kituo kikajengwa kwenu, tafadhali niambie mlijibuje.