Kilichokuwa kikigonga kitandani mwetu Mji wa Kale

Wakuu wa humu, salamu kwenu nyote. Mimi ni msomaji tu, lakini leo acha niseme. Haya yalinikuta mwenyewe Mombasa, miaka ya tisini. Sitii chumvi, na asiyeamini apite, simvuti kanzu.

Niliolewa Mji wa Kale, si mbali na Ngome ya Yesu. Bwana wangu, nimwite Athmani, alikuwa karani bandarini Kilindini. Tukapewa chumba cha mbele chenye samadari, kile kitanda cha zamani cha nguzo nne na vipete vya shaba.

Baba yake alifia humo. Kaka yake mkubwa akakirithi chumba, naye akaenda vile vile, kijana mbichi, katika usingizi wa mchana.

Mimi bibi harusi, nani wa kuniambia!

Jumapili ya kwanza tukala wali, tukajilaza. Mnajua Mji wa Kale baada ya adhuhuri, maduka yamefungwa, vichochoro havina hata paka. Nikasikia kitu kinagonga.

Ti-ti-ti-ti. Mbio, hakipumui.

Ni kipete cha shaba, juu ya kichwa cha Athmani. Kinatikisika peke yake. Dirisha limefungwa, upepo hakuna, na yeye amelala fofofo.

Nilijikuta jikoni, kichwa wazi.

Mavyaa, yaani mamake Athmani, hakushtuka. Hilo ndilo lililonitisha zaidi.

"Umemsikia?" akasema taratibu. "Huyo ndiye mwenye chumba. Alianza kwa baba yao. Usimpigie kelele, mwanangu."

Akatia ubani chetezoni, akakisukuma uvunguni. Ijumaa akaongeza na kisahani cha halua.

(Wale wa "majini hakuna", ngojeni kwanza.)

Ubani ukafuka kila siku, na kipete kikazidi. Athmani akawa anakula sahani mbili na hanoni. Jasho linamtoka chini ya feni, mikono inamtetemeka akishika kikombe. Mavyaa akasema ameanza kuliwa.

Nami nina mimba changa, wakuu. Niliuona ujane unanijia macho makavu.

Nikamwambia, ama tuhame, ama narudi kwetu. Akacheka, kisha akaona sichezi. Tukapanga nyumba mtaa wa Tudor, tukanunua kitanda kipya cha chuma.

Mchana wa kwanza akalala. Mimi nikaketi na chai yangu, gilasi na kijiko chake ndani nikaiegemeza kwenye kichwa cha kitanda.

Kijiko kikaanza. Ti-ti-ti-ti.

Yallah, limetufuata! Nikamrukia mume wangu nikamkumbatia, kama ni kuchukuliwa basi tuchukuliwe sote. Sikio langu likaangukia kifuani mwake.

Ndipo nikajua. Kilichogonga kilikuwa humo ndani. Mtu amelala, moyo unakwenda kama cherehani ya fundi sikukuu ya Idi ikikaribia, mpaka kitanda kinatikisika.

Daktari mmoja wa Kihindi mjini akamshika mkono, akamuuliza, "Umepanda ngazi mbio?"

"Nimekaa hapo nje tangu asubuhi nangoja zamu," Athmani akajibu.

Daktari akampapasa shingo.

Ilikuwa tezi ya shingo, ndiyo iliyokuwa ikiuendesha moyo mbio. Akatueleza kuwa moyo usiopoa hata usingizini, mwaka baada ya mwaka, hutanuka, huchoka, na siku moja unaweza kusimama. Kuhusu baba na kaka, alisema hawezi kuapa kwa watu ambao hakuwapima, lakini maradhi hayo hutembea katika ukoo.

Akaanza dawa. Siku moja mchana nikashtuka usingizini. Kimya. Kijiko hakigongi. Nikapiga ukelele nikijua amekwisha.

Akafungua jicho moja. "Mwanamke, niache nilale!"

Nililia kwa furaha mpaka majirani wakaja.

Tukaenda kumweleza mavyaa. Akasikiliza mpaka mwisho, akaingia chumba kile, akakaa juu ya samadari, akashika kipete.

"Miaka yote ile," akasema, "baba yenu alikuwa akiniita. Nami namfukizia ubani."

Nikakitoa chetezo uvunguni.

Nilichojifunza ni hiki. Ukiwa umetulia, hujapanda ngazi wala kugombana na mtu, shika mkono wako usikilize mapigo. Ukiona moyo unakwenda mbio siku zote bila sababu, nenda hospitali. Dua omba, ubani choma, lakini nenda.

Athmani yuko hapa, anakoroma ninavyoandika.

Haya, nanyi semeni. Kwenu kuna chumba kinachosemwa kinaua? Tuambieni waliolala humo walikuwa nani kwa nani.