Mikono Iliyomwosha Mama

Mama alikuja London kunilea uzazi. Tulipanga akae nami Ilford mpaka arubaini yangu itoke, anikande kwa maji ya moto na kunipikia uji wa pilipili manga, kisha arudi zake Mombasa. Mtoto wa kike akazaliwa salama. Arubaini ilipokaribia kutoka, ndege zikasimama, serikali ikatangaza kila mtu abaki kwake, na Mama akacheka.

"Basi mtanichoka," aliniambia mimi na mume wangu. "Mmeleta mgeni, mmepata mpangaji."

Mdogo wangu, mtoto wa kiume wa pekee kwa Mama, alikuwa akikaa Kilburn, upande wa pili wa jiji, katika fleti aliyopanga na wenzake wawili. Ni fundi wa mabomba. Kabla ya korona alikuwa akija kila Jumapili, anakula mpaka anasinzia palepale kwenye kochi. Baada ya kufungiwa ikawa ni simu tu. Mama aliiegemeza simu kwenye kopo la sukari, wakazungumza huku yeye akichambua mchele.

"Mama, nije nisimame barabarani tu, nikuone dirishani?" alimwuliza siku moja.

"Wenye nchi wamesema mkae," Mama akajibu. "Nawe kaa. Haya yatapita, utakuja ule ushibe."

Mdogo wangu akakaa.

Moyo wa Mama ndio uliotusaliti. Asubuhi moja alishika kifua jikoni, akaketi sakafuni polepole kama anayetafuta kitu kilichodondoka. Wahudumu wa ambulensi walikuja wamevaa barakoa, wakamchukua kwa upole, na mmoja akanizuia mlangoni kwa mkono ulioinuliwa. Hospitalini hapakuruhusiwa mtu. Jioni nesi mmoja alimshikia simu sikioni, nikasikia anapumua, nikamsomea nilichoweza kusoma. Mdogo wangu naye alipigiwa. Kulipokucha tukaambiwa amefariki.

Kwetu, mtu akifa, nyumba hujaa kabla hujamaliza kulia. Wanawake hutandika mikeka, wengine huingia jikoni bila kuuliza, wanaume hukaa nje. Ilford siku ile sauti pekee nyumbani kwangu ilikuwa ya mtoto mchanga. Nilipiga simu msikitini kuuliza kuhusu kumwosha Mama. Mzee aliyepokea alinieleza kwa huruma kwamba jamaa wa marehemu hawaingii chumba cha kuoshea, kuna wanawake wachache waliojitolea, watafanya wao. Mtoto wa kike kuosha mamake ni jambo ambalo wala hulifikirii, unajua tu kwamba siku moja litakuwa lako. Nikamwambia mzee ahsante, nikakata simu, nikaenda kumnyonyesha mwanangu kwa sababu alikuwa na njaa.

Mdogo wangu hakuweza kuja hata makaburini. Mmoja wa wenzake kwenye fleti alishikwa na homa na kikohozi usiku wa kuamkia siku ya mazishi, na sheria ilikuwa wazi: nyumba yenye homa, hatoki mtu. Mume wangu ndiye aliyemteremsha Mama kaburini, pamoja na wanaume wa msikitini. Mimi nilibaki garini na mtoto mapajani, nimeitoa simu dirishani ili mdogo wangu aone kutoka Kilburn. Baadaye aliniambia alichoona zaidi ni majani ya mti na mkono wa koti langu. Upepo ulimeza dua. Alikuwa amevaa kanzu na kofia, amesimama chumbani kwake peke yake.

Aliyenikalia matanga alikuwa jirani, mama wa Kihindi tuliyezoea kumwita Anti. Alizaliwa Tanga, akaletwa hapa msichana, na Kiswahili chake kimebaki kilekile cha dukani kwa babake. Alileta kiti chake cha plastiki akakiweka kwenye ua wake wa mbele, akaniambia nami nilete changu kwangu. Ukuta mfupi katikati yetu. Alijifunika kichwa kwa heshima ya Mama, akakaa. Siku nyingine hatukusema neno. Siku nyingine aliniuliza Mama alipenda kupika nini, nikamweleza, na kesho yake nikakuta sufuria juu ya ukuta. Yeye mwenyewe alikuwa na mjukuu aliyezaliwa majuma yale yale, Walthamstow, si mbali, na alikuwa hajambeba. Hakuwahi kulitaja hilo ila nilipomwuliza.

Tukaendelea kuishi. Mtoto akatambaa, akasimama.

Mwaka wa pili wa korona ulikuwa unaisha habari zilipotoka. Wakati sisi tumefungiwa, ndani ya ofisi za waliotunga sheria watu walikuwa wakikusanyika, wakinywa, wakicheka. Kwanza ilikuwa tetesi, kisha picha, kisha ikawa kila siku jambo jipya. Wakubwa wakasema hakukuwa na sherehe. Wakasema ilikuwa kazi. Mwishowe wakaomba radhi kwa maneno yaliyopangwa vizuri.

Mdogo wangu alisikia kwenye redio akiwa chini ya sinki la mtu. Alikuja kwangu moja kwa moja na nguo za kazi, hajanawa mikono. Alisimama katikati ya jikoni.

"Dada, mimi ni mjinga?"

"Kaa kwanza."

"Sikai. Nijibu. Nilikuwa mzima. Sikukohoa hata mara moja. Ningepanda treni nikafika. Nani angenijua? Nilikaa chumbani na kanzu yangu nikitazama jani la mti, na wao wanamiminiana mvinyo!"

Akaanza kulia kwa sauti, mwanamume mzima, na binti yangu akakimbilia miguuni kwangu kwa hofu. Nilijua kwamba tangu mazishi hajawahi kwenda kaburini. Kila nilipomwita alikuwa na kazi. Siku ile ndipo alipotamka sababu: alikuwa akiona haya mbele ya Mama.

Nilimbeba binti yangu. Nilifikiria yule nesi na simu yake, na Anti na mjukuu wake, na nikahisi kama sisi sote tumepigwa kofi na mtu ambaye hata hakututazama.

Jumamosi iliyofuata alikwenda kusimama nje ya mageti ya ofisi za serikali na watu wengine, nami nikafuatana naye kwa kuhofia hasira zake. Alikuwa ameandika kwenye boksi la mabomba, kwa Kiingereza: Nilimzika mama yangu kwa simu. Nilitarajia fujo. Nilichokiona ni watu wa makamo, wengi wamevaa makoti ya heshima, kila mmoja na jina la mtu wake kifuani. Bibi mmoja wa Kizungu alilisoma boksi la mdogo wangu, akamsogelea, akamwambia na yeye alimuaga babake hivyo hivyo. Kisha akamwuliza, "Mama yako alikuwa mtu wa namna gani?" Mdogo wangu akaanza kumweleza. Alieleza kwa muda mrefu, mpaka vidole vyangu vikafa ganzi kwa baridi. Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimzungumzia Mama bila kuzungumzia kifo chake.

Tuliporudi nilimsimulia Anti juu ya ukuta. Alisikiliza, akatikisa kichwa.

"Hao walifanya sherehe yao," alisema. "Nyinyi matanga yenu hamjafanya. Sasa ruhusa ipo. Fanyeni! Mnangoja nini?"

Tukaamua kumfanyia Mama hitima ya kumwombea, nyumbani kwangu, na mlango wazi. Nilipopiga simu msikitini kutafuta wasomaji, nikamwuliza mzee yule kama anawakumbuka wanawake waliomwosha Mama. Aliniambia mmoja amehama, mwingine yupo, na atamfikishia salamu. Sikudhani atakuja.

Alikuja. Mwanamke wa makamo, mwembamba, mwenyeji wa Barawa, pwani ya Somalia. Nyumba ilikuwa imejaa mpaka kwenye ngazi, Anti yuko jikoni anagombana na mume wangu kuhusu moto wa pilau, ingawa yeye nyama hali. Mgeni alijitambulisha kuwa ndiye aliyemwosha Mama. Nilimshika mikono tu, nikaitazama. Mdogo wangu akaitwa kutoka sebuleni. Alisimama mbali kidogo, kwa adabu.

"Ndiye huyu mwanawe wa kiume?" mgeni aliuliza kwa Kiswahili kilichonyooka. "Siku ile waliniambia maiti ni mtu wa Mombasa. Mimi vita vilipotutoa kwetu, Mombasa ndiyo iliyotupokea. Nilifika na watoto, miguu mitupu. Wanawake wa pale walinipa chakula, wakanipa kanga. Basi nilipoambiwa Mombasa, nikasema huyu nitamwosha mimi."

"Ulikuwa umevaa yale mavazi ya kujikinga?" mdogo wangu akamwuliza.

"Mpaka miwani. Nilimwomba radhi kwa zile glavu, maana mzazi haguswi kwa plastiki. Nikamsemesha Kiswahili muda wote. Nikamwambia, mama, wanao hawakukutupa, wamezuiwa. Nikazisuka nywele zake vizuri. Zilikuwa laini, mtu alikuwa amezipaka mafuta ya nazi karibuni."

"Mimi," nikasema. "Nilimpaka mimi."

Mdogo wangu alikuwa ameinamisha kichwa. "Hukuogopa? Wakati ule?"

"Niliogopa sana. Nina sukari. Nyumbani nilikuwa nalala chumba cha peke yangu, watoto wananiwekea chakula mlangoni. Lakini mwanangu, mzee wa msikitini alinieleza habari zako. Ungekuja wewe na homa ya nyumba yako, na wafiwa wengine nao wakaja, mimi nisingekuwa hapa leo kukusimulia. Nyinyi mliokaa ndio mliotulinda sisi tuliotoka."

Jikoni Anti alikuwa anauliza chumvi iko wapi. Mdogo wangu akapiga hatua, akasema "Ahsante, mama," na mgeni akamwambia akalete sahani, wageni wana njaa.

Sisemi kwamba hasira zimekwisha. Mdogo wangu bado hubadilisha stesheni akisikia sauti za wale wakubwa, na mimi sijawasamehe, wala sioni kwamba ni wajibu wangu. Ila nikikumbuka mwaka ule sasa, hawawi wao wa kwanza kunijia. Hunijia nesi ambaye sikuuona uso wake, mkono wake umechoka kushika simu. Hunijia kiti cha plastiki uani kwa jirani. Nchi hii ilijaa watu waliojinyima kwa ajili ya wengine wasiowajua, na wengi wao hawakupigwa picha.

Siku ile mdogo wangu alimrudisha mgeni kwake kwa gari, na Jumapili iliyofuata wakaenda pamoja makaburini. Alinipigia kutoka huko kuuliza njia ya kufika upande wa Mama. Siku hizi anamtengenezea mabomba yake, na mama huyo kila akimwona humkaripia kwamba umri unakwenda, lini ataoa. Mdogo wangu hunipigia simu kulalamika.

"Dada, huyu mama amezidi," huniambia, na nasikia anatabasamu.