Mchoro wa Wajambaji

Mwaka mzima niliamini kwamba ukiutazama mchoro ule mpaka mwisho, unakufa. Aliniambia maman mmoja wa Bukavu, tuliyekuwa tukihudumia naye wazee katika makao fulani ya Evere, huku Brussels. Wazee watatu waliwahi kuutazama wote, alisema, na wote watatu walizikwa kabla ya Pasaka. Na mimi, mwenye diploma ya shule ya jioni iliyoning'inia ukutani kama picha ya rais, nikaamini.

Mwenye mchoro alikuwa padri mstaafu aliyekaa Kivu miaka mingi. Ulitoka Japani, umeviringishwa kama mkeka, na ndani hamna kitu ila watu wanaojamba. Mabwana wenye mavazi ya heshima wamebinua matako, upepo unawatoka kwa mistari mirefu, farasi wanaanguka, mapaa yanang'oka. Mchoro wa namna hiyo hutazamwa kipande kwa kipande kuanzia kulia: mkono wa kushoto unafungua, wa kulia unakunja yaliyopita. Mikono ya padri ilitetemeka, donc tulitumia yangu.

Nilicheka nikadhani wananisikia mpaka kituo cha treni cha Gare du Midi. Lakini kila tulipokaribia kijiti cha mwisho, kile ambacho karatasi imezungushiwa, niliacha kufungua. Nilisingizia kuwahi basi, dawa, supu inayopoa.

"Nataka nifike nao mwisho mara moja tena, mwanangu, kabla sijaenda," alisema padri siku moja.

Nikasema kesho, mon père. Nikakunja.

Akafa Jumanne mchana, mchoro ukiwa umekunjwa mezani. Tangu hapo, kila nilipoingia chumbani mule kufagia, nilisikia karatasi ikijifungua taratibu nyuma yangu. Nikigeuka, kimya. Hata kwangu, mtaa wa Ixelles, mabomba yalipoguna, niliinuka kitandani nikaomba msamaha.

Dada ya padri, bibi wa fimbo, alipokuja kuchukua vitu vya marehemu, nikamwungamia yote, pamoja na habari za wale wazee watatu. Hakucheka. Aliufungua mchoro mezani, kipande kwa kipande, hadi kwenye kijiti. Mjambaji wa mwisho alikuwa mnene, ameshika tumbo. Baada yake, karatasi tupu.

"Wale walikuwa na miaka tisini na kitu," akaniambia. "Walikufa kwa uzee. Ungemfungulia tu."