Push yangu ilikataliwa siku moja kabla ya demo, na commit zilizonizuia zilikuwa na jina langu

Wakuu, salamu kutoka Kampala.

Kisa hiki kimenipata mimi mwenyewe juzi juzi, na sitatia chumvi kwa sababu kilivyo chenyewe kinatosha. Kiswahili changu nilikipata kambini, mzee wangu alikuwa mwanajeshi na tulikaa Mbuya, kwa hiyo mkiona mahali nimepinda mnisamehe.

Naitwa Ojok. Natengeneza software na mwenzangu mmoja, dada wa Kinubi anaitwa Zaituni. Ofisi yetu ni chumba kimoja juu ya maduka ya Nakivubo. Chini makondakta wanaita abiria kutwa nzima, mpaka ukimpigia mteja simu anadhani uko taxi park.

Kazi tuliyokuwa nayo ni ya kliniki ndogo ya Namuwongo, karibu na reli. Walitaka mfumo wa kuwakumbusha akina mama kwa SMS siku ya chanjo ya mtoto ikikaribia. Msimamizi wake, Sista Akello, alituambia waziwazi: demo ni Ijumaa, mje mnionyeshe mfumo ukifanya kazi, ikikubali kazi ni yenu, ikikataa natafuta watu wengine.

Kwetu hiyo ndiyo ilikuwa kazi kubwa ya kwanza. Ikipotea, tunafunga chumba na kila mtu anarudi kuzungusha CV mjini.

Basi wiki hiyo hiyo Zaituni akafiwa na bibi yake, yule aliyemlea, kule Arua. Nikamwambia nenda dada, hapa nitashikilia mimi. Akapanda basi akaenda.

Kwa wasiojua mambo haya: sisi code yetu tunaiweka kwenye repo, yaani ghala moja huko mtandaoni. Kila mtu ana nakala kwenye laptop yake. Ukimaliza kipande cha kazi unakihifadhi, hiyo inaitwa commit, kisha unakisukuma kwenda ghalani, hiyo ni push. Kompyuta ya kliniki nayo inachukua mfumo kutoka ghala hilo hilo. Bila push, Sista haoni kitu.

Alhamisi mchana nikamaliza sehemu yangu, ujumbe kwa Kiganda, Kiacholi na Kiswahili. Nikapiga push nikiwa nimeshasimama kwenda kula.

Rejected.

Nikasema ni mtandao. Nikabadilisha bundle, nikatumia ya simu. Rejected.

Nikasema ni password. Nikatengeneza mpya, nikaingia upya. Rejected. Njaa nayo ilikuwa imeshakata.

Hapo ndipo nikakumbuka kusoma kile kiliandikwa pale. Sisi watu wa software tunasoma kila kitu duniani isipokuwa error yenyewe. Na ilikuwa inasema kwa upole kabisa: ghalani kuna kazi ambayo wewe huna, ichukue kwanza.

Kazi gani? Zaituni yuko msibani, na mimi ndiye niliyebaki.

Nikachungulia. Kweli, kulikuwa na commit mpya kadhaa. Na kila moja aliyeandika ni Ojok.

Wakuu, niliogopa. Nilizitazama moja moja, sikuijua hata moja. Kitu cha kwanza kuingia kichwani: nimeibiwa akaunti. Kuna mtu anaandika code kwa jina langu, siku moja kabla ya demo. Nikakumbuka hata wale washindani wetu wanaoitaka kliniki, nikaanza kuwashuku bila sababu yoyote.

Nikaingia mtandaoni kutafuta dawa. Kila mtu anasema kitu kimoja: weka force. Yaani unaliamuru ghala lipokee ya kwako, na chochote ambacho wewe huna kitupwe. Ukiwa na hasira neno hilo linavutia sana.

Nikajipigia hesabu. Kama ni takataka zangu za zamani, zife. Kama ni za mwizi, zife zaidi. Nikaandika amri nzima, ikabaki kubonyeza Enter tu.

Macho yakarudi kwenye maelezo ya ile commit ya juu kabisa. Yalisema: "namba moja mama wengi, inshallah sasa itakubali".

Nilicheka peke yangu mle chumbani. Mwizi gani anaandika inshallah?

Ni mtu mmoja tu ninayemjua anamaliza kila commit hivyo. Nimemtania miaka, namwambia dada hii ni code, si safari ya Hija. Ananijibu kwamba code yangu ndiyo inayohitaji dua kuliko zote.

Ndipo nikakumbuka. Siku chache kabla ya msiba laptop ya Zaituni ilizima moja kwa moja. Nikampa yangu ya zamani aendelee nayo. Tulihamisha kazi zake zote, lakini hakuna aliyekumbuka kwamba ndani ya ile mashine git, programu inayotunza commit zetu, ilikuwa inajua jina langu tu. Kumbe alisafiri nayo, na kila alichoandika huko kikavaa jina langu.

Nikafuta ile amri herufi kwa herufi.

Sasa mtasema, si umpigie tu umuulize? Nilishika simu kweli, nikaiweka chini. Mtu yuko matangani, humpigii kumuuliza habari za kazi. Mama yangu angesikia nimefanya hivyo asingenisemesha. Na yeye kwa sababu hiyo hiyo hakunipigia. Mfiwa akionekana anahangaikia ofisi, watu watamsema mpaka arobaini.

Kwa hiyo nikakaa nikasoma code yake mstari kwa mstari.

Alichogundua ni hiki. Mfumo wetu ulimtambua mama kwa namba ya simu. Namba moja, mama mmoja. Mama wa pili akija na namba ile ile, mfumo unamkataa. Sehemu hiyo niliiandika mimi, na niliijaribu kwa simu zangu mwenyewe ambazo haziazimwi na mtu.

Zaituni alikuwa amelirekebisha lote hilo.

Nikavuta kazi yake. Tukagongana kwenye faili moja, kwa sababu wote wawili tulikuwa tumegusa sehemu ya kutuma ujumbe. Nikaunganisha taratibu, lugha zangu zikabaki, namba zake zikabaki. Nikapiga push tena.

Ikapita. Nikateremka kula, nikaagiza na chai.

Ijumaa, Namuwongo. Sista Akello hakutaka maneno mengi. Akatoka hadi kwenye benchi, akarudi na akina mama wawili wenye watoto mgongoni. Wa kwanza akatoa simu. Wa pili akanyoosha kidole kwenye simu hiyo hiyo.

"Sisi iko na simu moja tu," akasema. "Huyu ni jirani yangu."

Sista akanigeukia. "Ojok, sasa hii kitu yako itajua nani ni nani?"

"Jaribu tu, Sista."

Akaandika wa kwanza, ikakubali. Akaandika wa pili, namba ile ile. Nilikuwa najua itakubali lakini moyo ulikuwa unadunda vile vile. Ikakubali. Simu ikalia, halafu ikalia tena, kila ujumbe na jina la mtoto wake. Wale mama wakaanza kunyang'anyana simu na kucheka.

"Nani alifikiria hii?" Sista akauliza.

"Si mimi, Sista. Ni mwenzangu Zaituni. Yuko matanga, Arua."

"Bambi, maskini. Mwambie pole sana. Na mwambie akirudi apite hapa, kazi iko."

Jioni nikampigia Zaituni. Nikampa pole tu, kazi sikuitaja. Yeye ndiye akateremsha sauti.

"Ojok, ilikubali?"

"Ilikubali. Kazi ni yetu."

Akanijibu, "Mimi nilikuwa naenda nyuma ya jikoni na hiyo laptop. Ma-auntie walifikiri naandikia watu habari ya msiba." Halafu akasema, "Unajua bibi alikuwa anatumia simu moja na jirani? Watu wanapiga kusalimia bibi, hawajasikia amefariki, jirani ndiye anapokea, analia. Nikakaa pale nikafikiria, sasa hii system yetu ingekataa bibi yangu."

Nilimwambia pole tena, na safari hii nilikuwa nimeielewa.

Amesharudi. Kitu cha kwanza niliichukua ile laptop nikaandika jina lake ndani. Nikamwambia na zile commit za msibani nataka nizibadilishe zisome Zaituni. Lakini hilo lingehitaji force, ile ile niliyotaka kuitumia Alhamisi. Akakataa, akasema ziache zikae hapo, Mungu anajua ni za nani. Kwa hiyo bado zina jina langu, na ndiyo maana naandika uzi huu, ili angalau mahali pamoja isemwe wazi.

Nilichojifunza: push ikikataliwa, soma kwanza umezuiwa na kazi ya nani. Code yangu iliamini namba moja ni mama mmoja, na mimi mwenyewe nikaamini jina moja ni mtu mmoja. Tulikosea wote wawili, na Zaituni ndiye alituokoa.

Sasa wewe unayesoma, kabla ya kucomment fungua mashine yako uandike git config user.name, itakuonyesha commit zako zinavaa jina gani. Ukikuta si jina lako, tuambie ni la nani. Na kama kuna mtu aliwahi kukubeba kimya kimya ukiwa hujui, mtaje hapa chini tumjue.